Mama Katungu Jokébed na Brokoli ya Alimbongo

Siku ya Jumatano tarehe 12 Machi 2003, saa kumi na moja ya asubuhi, mama yetu Katungu Jokébed alituacha hapa Butembo, bwana yake akiwa amemushika mukono.

Alizaliwa Alimbongo tarehe 4 Mei 1951, binti wa mzee Abdias Maliro, mulimaji na shemasi, akasoma shule ya misioni mpaka mwaka wa tano, halafu akashika jembe, na tarehe 8 Agosti 1970 akafunga ndoa na baba Muyisa Salomon, Mungu akawapa watoto wanne, Kitsa akiwa wa kwanza.

Kazi yake ilikuwa mboga za wakati wa baridi. Mwaka 1989 shemeji yake, dereva wa lori, alimuletea kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kasindi mbegu za brokoli, mama akazipanda, akangojea zifunge kama shu, ile kabichi, hazikufunga, zikachanua maua ya manjano, na soko lote likamucheka. Mwaka uliofuata alikata vichwa vikiwa bado vimekazana, mapadri na wenye hoteli wakavigombania, na watoto wote wanne wakasoma kwa mboga hiyo.

Vita ya 1998 ilifunga njia ya mbegu, ndipo mama akaanza kuacha kila baridi mashina mazuri yazae mbegu. Mwezi wa nane 2000, risasi zilipokaribia Alimbongo, maganda ya mbegu yalikuwa bado mabichi, na mbegu nyingine haikuwako. Baba Salomon alimusihi ayaache, yeye akang'oa mashina mazima na mizizi yake, akajitwika, akashika njia pamoja na familia. Jirani yake, Mama Victoire, aliyebeba masufuria, akamutania: "We Mama Kitsa, unakimbiza majani ya mbuzi?" Akamujibu bila kusimama: "Sufuria tutapata tena, dada yangu. Hii ikipotea, hatutaiona tena." Mama Victoire alicheka sana, lakini mvua ilipoanza, ni yeye aliyemwaga vitu vya sufuria yake kubwa, wakakunja mashina ndani, wakafunika.

Maganda yalikaukia Beni, katika mtaa wa Ruwenzori, kwa ndugu zetu, yakatoa mbegu. Joto la Beni halipendi brokoli, basi mama alivumilia ukimbizi mpaka Mei 2001, akarudi Alimbongo kulima, mbegu zikaota, akawagawia wamama wote wa kanisa, na hata yule aliyemucheka zaidi sokoni alipata konzi yake. Sisi watu wake tunajisifu kwa jambo hili bila haya.

Desemba 2002 figo zilianza kumusumbua, tukamuleta hapa Butembo kwa matibabu, na hakuinuka tena. Tunawashukuru waganga na wauguzi waliochoka pamoja naye, majirani waliolala hapa matangani, na wamama waliotoka Alimbongo kwa miguu na mboga zao kutulisha.

Ee Bwana, mupokee mutumishi wako Jokébed, umusamehe makosa yake, umupe shamba ambalo hakuna mutu atalikimbia. Mama, lala salama mikononi mwake. Amina.