Babu Hayumo Kwenye Historia ya Parokia

Wanajumuiya wenzangu, wazee wangu shikamooni. Nimeomba dakika chache kabla hatujafunga sala. Ninayemsema yupo hapa hapa, ila jina simtaji. Anajijua.

Mnakumbuka tulipoanza kujiandaa na jubilei, historia ya parokia ikaandikwa upya. Sisi nyumbani tumekua tukiambiwa ukuta wa kusini wa kanisa aliujenga babu, akitoka Maposeni kwa miguu. Basi rasimu ikasomwa mbele ya waumini. Wajenzi wakatajwa mmoja mmoja. Babu hayumo.

Ndugu zangu, nawaambia, nilimtazama dada aliyekuwa katibu wa kuiandika historia hiyo nikasema moyoni: huyu kamfuta. Kwa nini? Kwa sababu babu yake yeye katajwa mara mbili! Toka siku hiyo nikawa namchunguza. Nikimkuta anaongea na katekista, wananyamaza. Nikisogea, anafunga daftari. Nikamsalimia, akaniuliza hali ya mama yangu. Nikajiuliza, mama yangu anamhusu nini? Mke wangu akaniambia, "We baba, umeajiriwa usalama siku hizi?" Cheka tu, mke wangu, lakini mimi sikucheka.

Jumuiya nikaacha. Komunyo nikaacha, maana ningepokeaje na kinyongo kile? Misa nilikuja nimechelewa makusudi, nasikilizia nje, dirisha la kusini. Karibu miaka miwili. Mama akafa Kwaresima iliyopita, na mazishini dada yule alilia kuliko sisi. Hata machozi yake niliyatilia shaka.

Baada ya arobaini nikaenda ofisini kwa Baba Paroko na wazee wawili, nimevimba. Nikataka daftari la zamani la ubatizo lifunguliwe, ijulikane babu alikuwa wa parokia hii, katibu akiwepo, aumbuke.

Likafunguliwa. Babu yumo. Pembeni ya jina lake padre wa enzi hizo kaandika: ametengwa na sakramenti, ameoa mke wa pili. Chini yake, kwa wino mwingine: amerudishwa, akiwa mgonjwa.

Nikamuuliza dada, mbona hukuniambia?

"Kaka, mama yako alinikuta nanakili ule ukurasa. Akaniomba nisimwanike mkwewe kanisani wakati yeye yu hai. Nikamwahidi, nikamwacha nje kabisa, maana kumtaja ni kueleza na kutengwa kwake."

"Na mimi nikakusema vibaya mji mzima."

"Nilisikia," akasema.

Mzee mmoja kati ya wale wawili ndipo akanisimulia. Babu alitengwa ukuta ukiwa umefika kiunoni. Hakuacha kazi. Alijenga mpaka juu, na kanisa lilipofunguliwa hakuingia. Kila Jumapili alisimama nje, dirisha la kusini.

Pale pale niliposimama mimi, ndugu zangu. Yeye alitengwa. Mimi nilijitenga mwenyewe.

Nimeungama. Namshukuru Baba Paroko, wazee, mke wangu aliyenivumilia. Na wewe dada, uliyebeba matusi yangu ukitunza heshima ya nyumba yangu, nisamehe mbele ya hawa wote. Wenzangu, ukimshuku mtu, mwendee umuulize kabla hujamhukumu. Mimi ningeuliza siku ya kwanza, mama angeniona nikipokea komunyo kabla hajafa. Hilo halirudi.

Jumapili ya jubilei, dada, tafadhali soma yote: ukuta, mke wa pili, dirisha. Nimekubaliana na ndugu zangu. Mimi nitakuwa nimekaa ndani.