Daktari Liao Wen-hsiung na Mkono Mzima

Marehemu Daktari Liao Wen-hsiung alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 mjini Douliu, mtoto wa nne wa muuza mafuta ya ufuta. Alisoma shule ya msingi hapohapo, akahitimu udaktari Taipei mwaka 1963, na mwaka 1969 akafungua kliniki ya mifupa nyuma ya soko. Mwaka 1966 alimwoa Bi Tsai Mei-yun, aliyemshinda kwa kila kitu isipokuwa ubishi.

Mwaka 1974 binti yao Shu-chuan, wa miaka sita, alianguka kutoka kwenye mpera. Daktari alipiga eksirei, akaona kipande kidogo pembeni mwa kiwiko. Viwiko vya watoto huwa na vipande vya mfupa unaokua, naye akadhani hicho ni kimojawapo.

"Baba Shu-chuan, mtoto analia akigeuza kiganja," mkewe alisema.

"Kwani daktari hapa ni nani?"

Kiwiko kilikuwa kimevunjika. Ilipogundulika, miezi minne ilikuwa imepita na mfupa umeshaunga kombo.

Tangu hapo, kila mtoto aliyeletwa na kiwiko kilichoumia alipigwa picha mikono yote miwili. Wazazi walinung'unika.

"Daktari, huu mzima nao umekosa nini?"

"Haujakosa kitu. Ndiyo maana nauuliza huo kwanza."

Alizilinganisha picha, na penye mvunjiko akaurudisha mfupa mahali pake, akaushikiza kwa waya, akafunga plasta. Hakumruhusu mtoto kuondoka kabla hajashika mapigo ya mkono na kuona vidole vikicheza. Alifanya hivyo hadi alipostaafu mwaka 2008.

Kila Jumapili alimpigia simu Shu-chuan, aliyehamia Taichung.

"Umekula?"

"Nimekula, Baba."

"Mkono unauma?"

"Kidogo."

Februari 2022 Daktari alipatwa na kiharusi, akabaki na maneno machache. Swali la Jumapili lilikuwa mojawapo, na jibu halikubadilika. Alifariki nyumbani kwake tarehe 11 Oktoba 2023, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Bi Mei-yun, mwana, Chih-ming, wajukuu watano, na Shu-chuan, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu. Mkono wake umebaki kombo, lakini uliacha kuuma mwaka 1981. Aliendelea kujibu "kidogo" kwanza kwa hasira, baadaye kwa mazoea tu. Anajuta.

Baba, hauumi. Pumzika kwa amani.