Salamu za Mama Nyabate

Baada ya miaka ishirini na mitatu katika kampuni yetu ya kubeba majani chai, karani wetu Rodah Nyabate anastaafu tarehe 31 Julai. Madereva humwita Mama Ripoti, na jina hilo halikuja bure.

Kila mwaka kampuni hupeleka ripoti kwa Msajili wa Kampuni, ikionyesha wakurugenzi na wenye hisa wake. Ikizembea, inaweza kufutwa. Ni kazi nyepesi, ungedhani. Lakini waanzilishi wetu wawili, Mzee Jonah Kipkurui wa Kapsoit na Mzee Gibson Bogonko wa Kedowa, walikosana kitambo, Mzee Jonah alipokosa kufika kwenye mazishi ya mamake mwenzake. Hawakuketi pamoja tena. Hata mambo yalipohamia mtandaoni, kila mmoja alisisitiza kusaini kwenye karatasi kabla ripoti haijatumwa, tena kwake nyumbani.

Basi Mama Nyabate alivaa gambuti, akabeba mwavuli, akaenda. Kapsoit alinyweshwa chai mpaka akaomba msamaha. Kedowa alifukuzwa na bata mzinga, na si mara moja. Kote aliulizwa swali lile lile: "Huyo mwingine anasemaje?"

"Anakusalimia," alijibu.

Hakuna aliyekuwa amemtuma. Salamu alizitunga mwenyewe njiani, akitumaini kwamba siku moja wazee wangesaini kwenye meza moja.

Mwaka jana Mzee Bogonko alishika kalamu, kisha akasema, "Mwambie namsalimia. Hii ni mimi nasema." Mama Nyabate aliifikisha salamu hiyo Kapsoit kwa sauti yake ya kila mwaka. Mzee Jonah akaguna kama kawaida, akasaini. Mwezi wa tano mwaka huu tukamzika Mzee Bogonko.

Ripoti ya mwisho ya Mama Nyabate ilikuwa ya kuondoa jina la marehemu. Alipoipeleka Kapsoit alieleza yote: salamu alizotunga, na ile moja ya kweli. Mzee Jonah alikaa na karatasi magotini.

"Hiyo ungeniambia ni yake," alisema. "Ningeenda kwake."

Mama Nyabate anaondoka na maneno hayo, na sisi yanatuuma pamoja naye. Hatuna la kumwondolea uchungu. Tunajua tu kwamba kwa miaka hiyo yote hakuna mwingine aliyejaribu.

Asante, Mama. Pumzika vizuri, ufuge chochote isipokuwa bata mzinga. Madereva, mafundi na ofisi nzima tunakusalimia.

Hii ni sisi tunasema.