Dishon Owaga Nyambok na Mlango wa Zahanati ya Kamwoso

Wachungaji, wazee wa ukoo, mama zetu wa kanisa, majirani wa Kamwoso, na ninyi wafanyabiashara mliofunga maduka Suna mkaja kutusitiri, walio nyuma wasogee wasikie, kwa maana maisha ya mtu huyu yatasomwa mara moja, jinsi yalivyokuwa, na familia imekataa yalainishwe.

Dishon Owaga Nyambok alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Kamwoso, bonde la Lambwe, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ezron Nyambok na Mama Filister, ambaye ameketi hapa mbele leo, akimzika mwana aliyepaswa kumzika yeye. Mama anasema alitoka tumboni analia kwa hasira, kama mtu aliyekuta kazi haijafanywa, na hasira hiyo alitembea nayo hadi mwisho.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini Januari 1975, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1981, akaingia sekondari upande wa Magunga mwaka uliofuata, lakini mwaka 1983 mbung'o wa bonde hili wakawamaliza ng'ombe wa baba yake, na karo ilikuwa ni ng'ombe, basi masomo yakakomea kidato cha pili. Mengine alijifundisha mwenyewe, kwenye magazeti makuukuu ya kufungia misumari, maana alikuwa hafungi kipande kabla hajakisoma, mteja asubiri. Mama mmoja wa Suna alimuuliza siku moja, "Baba, unanipa misumari ama nirudi kesho?" Naye akamjibu, "Ngoja kidogo, huyu waziri bado hajamaliza kudanganya."

Aliingia Migori mwaka 1984, akaajiriwa kupakia na kupakua simiti katika stoo ya Mzee Machuki pale Suna, akalala juu ya magunia yale yale aliyoyabeba, na tarehe 3 Mei 1994 akafungua duka lake la vifaa vya ujenzi, mabati, rangi, misumari na makufuli. Bei yake ilikuwa moja kwa mwalimu, kwa mchungaji na kwa mheshimiwa, na mtu akimwomba apunguze alimwambia, "Ndugu yangu, maombi ni Jumapili." Simiti iliyoganda aliimwaga nyuma ya duka, mchana, watu wakiona, na wenzake wa biashara walimwita mjinga kwa hilo, wengine wao wamo humu na wanajijua.

Alifunga ndoa na Priscah Atieno tarehe 19 Desemba 1992, kanisani Magunga, na Mungu akawajalia watoto wanne, Maxwell, Scovia, Adhiambo na Bravin, na wajukuu watatu. Nyumbani alikuwa mpole, ajabu ni kweli, hasira yote aliimalizia kwenye ofisi za watu.

Kaunti zilipokuja mwaka 2013 alifurahi kuliko wengi, akasema sasa serikali imesogea karibu, ikikohoa tutaisikia. Hakukosa mkutano wa wananchi wa bajeti, huku Homa Bay anakopigia kura na kule Migori anakolipia leseni, alifika kabla ya viti, hakugusa soda yao wala chapati yao, na ilipofika saa ya maswali walijifanya hawauoni mkono wake. Mwenyekiti mmoja alitangaza, "Leo hatuna muda wa maswali, wananchi." Dishon akasimama hivyo hivyo, "Sawa, basi tupeni majibu peke yake." Watu walicheka, wakapiga makofi, wakarudi kwenye chapati zao, na huo ndio msaada aliopata kwetu kwa miaka yote hiyo.

Jambo alilolibeba kuliko yote mnalijua, linaonekana kutoka langoni pake. Mwaka 2014 alisimama akaomba zahanati kwa ajili ya Kamwoso, kwa sababu mama wajawazito walikuwa wanajifungulia njiani kuelekea Magunga, na kwa kusumbua watu bila kuchoka zahanati ikajengwa, ikapakwa rangi, vitanda vikaletwa na plastiki zake, na tarehe 22 Novemba 2019 ikawa siku ya kuifungua. Waheshimiwa wawili walifika, kila mmoja na hema lake, kwaya yake na mkasi wake, wakagombania nani akate utepe. Yangekuwa ya wao wawili yangeisha jioni ile, lakini Kamwoso nayo ikagawanyika, Kamwoso ya juu ikaimba nyimbo za huyu, Kamwoso ya chini ikaimba za yule, wanawake waliochota maji kisima kimoja wakatoleana maneno ya aibu, na Dishon alipanda kwenye kiti akapaza sauti, "Jamani, fungueni kwanza, mtaimba wagonjwa wakiwa ndani!" Kijana mmoja akamvuta shati, "Shuka mzee, wewe ni wa upande gani?" Nyama ikaliwa, magari yakaondoka, mlango ukafungwa hadi wakubwa waelewane, na muuguzi aliyekuwa ametumwa akarudishwa alikotoka.

Kufuli lililofunga mlango huo lilitoka duka la Dishon. Msimamizi wa ujenzi alilinunua Suna, kufuli zito la shaba, na Dishon kwa mdomo wake mwenyewe alikuwa amelisifu kwamba hilo hata msumeno unaliheshimu. Tangu siku ile hakuuza tena kufuli la aina hiyo, na vijana walipomshauri walivunje, alikataa kwa ukali, akasema mwenye haki haingii kwake kwa dirisha, wenye ufunguo watauleta.

Hawakuuleta. Alikwenda Homa Bay mara nyingi mno, akaacha duka mikononi mwa Priscah, ambaye alimwambia, "Baba Maxwell, wewe unangoja serikali, na wateja wanakungoja wewe." Karani mmoja alikuwa akimwambia faili liko njiani, mpaka Dishon akamuuliza ni njia ipi hiyo, maana yeye ameipita asubuhi na hakukutana na faili. Uchaguzi wa 2022 ukaja, waheshimiwa wote wawili wakaapa kwa mlango ule ule, sisi tukaimba tena, na wote wawili wakapita, kila mmoja kwa kiti chake.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligunduliwa kuwa na pumu mwaka 2017, kifua kilichojaa vumbi la simiti tangu ujana, na mwaka 2023 alimwachia Maxwell duka akarudi hapa kulima. Jumanne tarehe 9 Septemba 2025 asubuhi, akipalilia mahindi, alishikwa kuliko siku zote, dawa yake ya kuvuta ikaisha mkononi, na Bravin akampakia kwenye boda boda, Priscah nyuma akimshikilia. Walipita mbele ya zahanati. Bravin alipunguza mwendo, kwa mazoea ya mtu anayeona msalaba mwekundu ukutani, na Dishon akampiga begani, akasema kwa pumzi iliyobaki, "Twende, hapo ni rangi tu." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Madaktari wa Homa Bay walimpokea wakikimbia, wakampa hewa, wakajaribu kila walichonacho, na saa nane mchana akafariki, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Daktari alimwambia Priscah taratibu kwamba angefika mapema kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi hao, majirani waliochanja kuni na kuchota maji, mama wa kanisa, na wafanyabiashara wa Suna waliotoa mabati ya kuezekea mahali hapa mlipoketi. Mmeketi chini ya mabati kwa sababu mahema mawili yaliyotumwa jana, la rangi hii na la rangi ile, Priscah aliyarudisha yakiwa yangali kwenye lori. Waheshimiwa wote wawili tunawaona, karibuni, mtalishwa kama wageni wengine, lakini maikrofoni leo hamtaishika.

Na sasa mjue la mwisho. Wazee wameamua kwamba tero buru ya Dishon, ile desturi yetu ya kukimbiza kifo kwa mafahali na matawi hadi nje ya mipaka, haitaelekea mtoni ilivyozoeleka. Mchungaji Ondieki aliuliza kama jambo hili ni la Kikristo, na Mama Filister akamjibu mbele yetu, "Mchungaji, kilichomla mwanangu najua kinakolala. Wewe chukua Biblia, sisi tutachukua ng'ombe." Mchungaji atakuwa mbele. Kaburi likishafunikwa, Kamwoso ya juu na ya chini tutatoka kwa lango moja, tutawapeleka mafahali hadi mlango wa zahanati, sufuria za chakula zitafuata, na tutalia hapo, tutakula hapo, tutalala hapo, leo, kesho na mtondo, mpaka mwenye ufunguo afike pamoja na muuguzi. Akija na mkasi, arudi nao.

Dishon, mwana wa Nyambok, umeuliza vya kutosha. Wewe pumzika, hiyo amani tuachie sisi tukaidai.