Mguu wa Kajetani na Mafundi Wasioonekana

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja wa kumwagia zege, umelazwa juu ya matofali mbele ya nyumba ambayo fundi Romanus anaahidi kuimaliza tangu mwenye nyumba akiwa na nywele. Watu wa mtaa wa Bombambili humwita Timazi, maana hawezi kupita ukuta bila kufumba jicho moja na kuupima. Pembeni yake hukaa Hamisi wa bodaboda, aitwaye Breki kwa sababu pikipiki yake haina. Kahawa ni ya Abdulswamadu, mtu wa Tunduru, mwenye birika kubwa na vikombe vichache, kwa hiyo kikombe hutoka mkono huu kikaenda mkono ule, na hakuna anayeuliza nani kanywa kabla yake. Hapo ndipo Adela, mwanafunzi wa maabara aliyerudi likizo asubuhi hiyo, alipomkuta baba yake, mzee Kajetani, ameunyoosha mguu wa kulia kama mtu anayeuza mguu.

Mguu huo ulichomwa na mwiba shambani Mpitimbi. Kidonda kikafunga, kisha vikaota vinundu vigumu, vikapanda kutoka kisiginoni kuelekea ugokoni. Hospitali wakasema ni fangasi, wakampa vidonge vya kumeza kila siku kwa miezi, na onyo moja: akikatisha dawa, yatakuja mazungumzo ya msumeno. Wiki iliyopita daktari alimpigia Adela simu. Vinundu havirudi nyuma. Dawa ni nzuri, mgonjwa anasema anameza, na vinundu havirudi nyuma. Adela alikuja na boksi jipya la vidonge mkobani, na swali moja la kumuuliza baba yake.

— Shikamooni.

— Marahaba, daktari wetu! Timazi alisogea kumpa nafasi. Keti, mwanangu. Tulikuwa tunaujadili huu mguu.

— Mimi si daktari, baba mdogo. Nasomea maabara.

— Ndio hao hao. Hebu tuambie, huyu fangasi ana nini mpaka dawa ya hospitali inamwogopa?

Adela alifurahi kuulizwa. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza.

— Ana ukuta, alisema. Kila chembe yake imezungukwa na ukuta wa sukari iliyosukwa uzi kwa uzi, pamoja na kaitini, kitu kile kile kilichomo kwenye ganda la mende. Ukuta ndio unaompa umbo. Ukiondoka, chembe inapasuka kama puto.

— Umejengwa na nani? aliuliza Timazi.

— Na vimeng'enya. Ni protini ndogo mno, kila moja na kazi yake. Vingine vinasuka nyuzi, vingine vinazikata ili chembe ipate nafasi ya kurefuka, vingine vinaziunga tena. Kata, unga. Kata, unga. Mchana na usiku.

Timazi aliweka kikombe chini.

— Hapo nakataa. Mimi nimejenga nusu ya Bombambili.

— Ile nusu iliyoanguka, alisema Breki.

— Nyamaza wewe! Ukuta haubomolewi huku unajengwa, na wenyewe wamo ndani. Labda fundi awe mlevi.

— Ndivyo vinavyofanya, baba mdogo. Kidogo kidogo. Vikizidi kukata, chembe inapasuka. Vikizembea kukata, inadumaa.

— Basi dawa iko wazi. Hao mafundi wanyimwe saruji.

Adela akaona mwanga. Akafanya kosa la pili: akawa mkweli.

— Dawa za namna hiyo zipo, za kumzuia anayesuka ukuta. Ila hizi za baba si hizo. Hizi zinazuia kimeng'enya kingine, kinachotengeneza mafuta ya utando ulio upande wa ndani wa ukuta.

Ubao wote ulitikisika.

— Mmesikia? Plasta! Timazi alipiga paja. Tatizo liko kwenye tofali, mzee anapewa dawa ya plasta!

— Utando ukiharibika fangasi hawezi kukua! Dawa ni ile ile sahihi!

— Mwanangu, plasta naijua. Nyumba inakaa miaka bila plasta. Tazama hii.

Wote waligeuka kuitazama nyumba. Ilikuwa kweli.

— Mimi ningemwagia mafuta ya breki, alisema Breki.

— Ndiyo maana pikipiki haina, alijibu Abdulswamadu. Sikilizeni. Kwetu kwenye mikorosho kuna fangasi anaitwa ubwiriunga. Tunampulizia salfa. Tumpulizie mzee salfa, kuanzia kiunoni kushuka chini.

— Baba si mkorosho!

— Wallahi, fangasi hajui tofauti.

— Mimi nina njia isiyo na gharama, alisema Timazi, sauti ikashuka kama anatoa siri ya serikali. Mzee avae kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Fundi akifika saiti asiitambue, anarudi kwao.

— Na alale kichwa kikiwa chini! alidakia Breki. Wapande juu, wakute ni chini!

Adela alijiona kama mtu anayefagia uwanja kwenye upepo. Akamgeukia baba yake, ambaye muda wote alikuwa anacheka na wenzake.

— Baba, nionyeshe zile dawa.

Kajetani alitoa karatasi za vidonge mfukoni mwa koti. Zote zilikuwa zimetobolewa. Muda wa kuisha kwake ulikuwa bado kabisa.

— Zimeisha vipi?

— Tuligawana.

Alilisema kwa upole, kama mtu anayeeleza mvua.

— Mligawana?

— Breki alikuwa anawashwa mapajani. Timazi saruji imemla katikati ya vidole. Abdulswamadu ana ukucha wake ule. Sasa nikae hapa nimeze peke yangu, wenzangu wananitazama?

— Baba, watakukata mguu!

— Usimpandishie mzazi sauti, alisema Timazi. Sisi tulikuwa tunameza kimoja kimoja tu.

— Mimi viwili, alisema Breki. Mapaja ni mawili.

Machozi yalimjia Adela, ya hasira tupu.

— Dozi ya kudokoa haimuui fangasi! Inamshtua tu, anapata nafasi ya kuuimarisha ukuta wake. Mnaelewa? Mmempa nafasi!

— Kumbe tumewasomesha mafundi wake, alisema Abdulswamadu taratibu.

— Wa mzee au wa kwangu? aliuliza Breki. Maana wa kwangu hawakuwa na ujuzi tangu mwanzo.

— Wako ni vibarua, alisema Timazi. Wangu ndio mafundi.

Wakaanza upya.

Kando ya pikipiki alisimama mama mmoja, Mwamvua, na beseni lake la dagaa wa Nyasa. Alikuwa anamsubiri Breki ampeleke Msamala, na alikuwa amesubiri kiasi cha kutosha.

— Samahanini, wazee wangu. Mimi mpita njia tu. Nimesikia dawa ya mzee mmemeza wote.

— Ndiyo, mama.

— Aliyepona ni nani?

Breki, aliyekuwa anajikuna, aliacha mkono ulipofika. Timazi alivificha vidole vyake chini ya ubao. Abdulswamadu aliinua birika ajimiminie, likatoa tone moja na sauti ya bati. Hata Kajetani aliacha kucheka. Aliushusha mguu wa suruali, polepole, mpaka vinundu vikafunikwa.

Adela aliuvuta mkoba wake. Alifungua boksi jipya, akachomoa kidonge, akamega na kipande cha mkate wa kumimina kutoka mkobani, maana dawa hiyo humezwa pamoja na chakula. Akaviweka vyote kwenye kiganja cha baba yake.

Kajetani alikitazama kidonge. Kisha mkono wake, kwa mazoea ya miaka ya kikombe kimoja, ukaanza kwenda kulia, kwa Timazi.

Timazi aliikalia mikono yake yote miwili.

— Meza, Kajetani, alisema. Tunakutazama.