Sukari ya Wawili

Tangu kamyo, lori la mizigo tulilopanda, iondoke Kasongo, Mama Waridi alikuwa amepakata chupa kubwa iliyofunikwa kitambaa. Barabara ilitutikisa sote, lakini chupa haikutikisika. Nilikaa karibu yake, nikasikia yote.

Baba Zéphirin, mkulima wa Lusangi, alinusa akauliza, "Mama, ninyi watu wa muskiti munabeba pombe sasa?"

"Iko chai, baba. Chai ya sukari, imechacha. Bibi ya Mugiriki wa dukani alinipa mbegu yake. Binti yangu kule Kabambare amezaa, hana nguvu. Hii itamupa damu na maziwa."

Alifunua kidogo. Juu ya chai ilielea ngozi nene, nyeupe, kama utando wa uji uliopoa.

"Na hii iko nini?"

"Ndiyo mbegu. Inakula sukari, inakua. Nilipewa nyembamba sana. Angalia sasa."

Zéphirin alifikiri mpaka tukavuka daraja. "Lakini mama, kama huyu ndiye anakula sukari, binti yako atapata nini? Naona anayenenepa ni huyu wa ndani ya chupa. Mupe binti karanga." Alikuwa amekalia gunia la karanga za kuuza, ila hilo hakulitaja.

Mama Waridi alirudisha kitambaa juu ya chupa, akaikumbatia. Nilidhani ameshindwa, nilikuwa sijamjua bado. Kamyo iliposimama Kabambare, alishuka polepole na chupa yake, kisha akamgeukia Zéphirin.

"Kama huyu anakula sukari," alisema, "nitaweka ya watu wawili."