Mita Inayokwenda Mbio Gizani

Muuza viatu alikuwa ameshapitiliza kituo chake, lakini angeshukaje? Kiti cha mbele mambo yalikuwa yamepamba moto.

"Nikazima swichi kubwa, kaka yangu," fundi cherehani alikuwa akimwambia kinyozi aliyekutana naye humo humo ndani ya basi. "Nyumba nzima giza, hata feni kimya. Natazama mita, inakwenda mbio!"

"Mita mbovu hiyo, dada. Wakubadilishie!"

"Ndiyo naenda ofisini kwao. Leo watanitambua!"

Muuza viatu akaitikia kwa kichwa, kama shahidi aliyeitwa.

"Ngoja kwanza," kinyozi akaruka. "Labda kuna mtu amejiunganishia kwenye waya wako kabla ya swichi. Hukusikia kitu?"

"Nilisikia! Friji inanguruma chumba cha uani, na kule hakuna mita!"

"Mwizi umemshika! Huko uani anakaa nani?"

Fundi cherehani akashusha sauti.

"Mama mkwe."

Muuza viatu akainama ghafla kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Basi likasimama.

"Ofisi ya umeme, shukeni!" akaita kondakta.

Fundi cherehani akaukumbatia mkoba wake. "Mimi nashuka kituo cha mbele."